Chagua Ungali na cha Kuchagua!

Mzee wangu, unajua!

Unajua kwa nini jana uliamka mara nne usiku. Unajua kwa nini ulisimama chooni ukisubiri, ukajikamua, ukasubiri tena, na kilichotoka ni uzi mwembamba uliokatika kabla hujamaliza. Unajua kwa nini ndani ya basi la Mwanza hugusi chupa ya maji, hunywi chai, na macho yako hayabanduki kwa konda mpaka atangaze kuchimba dawa.

Unajua kwa nini msikitini umehamia safu ya nyuma, karibu na mlango. Unajua kwa nini udhu unaurudia, maana matone yanakuja baada ya wewe kudhani umekwisha. Na wewe wa kanisani, unajua kwa nini benchi la mwisho limekuwa lako!

Jina lake unalijua pia. Tezi dume.

Na bado hujaenda!

Si aibu, baba. Kila mwanamume anayo tezi hii chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Ujanani ina gramu 20 hivi. Ukivuka miaka 40 inaanza kukua. Ukifika 60, takriban nusu ya wanaume wa rika lako inawakua, na wakifika 85 ni tisa kati ya kumi. Si laana, si malipo ya ujana, si ugonjwa wa zinaa! Wala si saratani, na haigeuki kuwa saratani, ingawa yote mawili yanaweza kukaa ndani ya tezi moja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana unapimwa. Ndiyo maana hupaswi kukisia ukiwa kitandani.

Sikiliza hatari ilipo. Hatari kubwa iko kwenye kibofu!

Kibofu ni msuli. Njia ikibanwa, kinasukuma. Njia ikibanwa zaidi, kinanenepa ili kisukume kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo haja inapokujia ghafla, kwa kishindo, hata kibofu hakijajaa. Siku zinakwenda, miezi inakwenda, miaka inakwenda, na msuli ule unachoka. Mkojo unabaki ndani. Mkojo uliobaki unaalika maambukizi, unajenga mawe, unarudisha shinikizo juu hadi kwenye figo. Na figo hazipigi kelele! Zinaweza kuharibika bila kukuuma hata siku moja, mpaka miguu ivimbe, mpaka chakula kikushinde, mpaka karatasi ya maabara iseme ulichokataa kuulizia.

Shika hili, maana ndilo lililonifanya niandike: tiba zote utakazozisoma hapa chini kazi yake ni kufungua njia. Basi! Hakuna leza inayofufua msuli uliokufa. Hakuna mvuke unaoufufua. Hakuna roboti! Mwanamume aliyechelewa anaweza kufanyiwa upasuaji bora kuliko wote, kwa mikono bora kuliko yote, akatoka na njia nyeupe na kibofu kisichoweza kusukuma. Akarudi nyumbani na mpira wa mkojo uleule aliokwenda nao.

Unaniambia, "Sijakaa bure, bado nalinganisha."

Najua! Umelala na simu usoni, unatazama video za leza, za mvuke, za roboti. Unamtumia mwanao wa Uingereza ujumbe akuulizie. Unamngoja jamaa aliyefanyiwa India arudi akusimulie. Unalinganisha bila kujua tezi yako ina gramu ngapi! Unalinganisha bila kujua mkojo kiasi gani unabaki kibofuni! Unalinganisha bila hata kujua kama ni tezi, maana kisukari nacho huamsha watu usiku!

Huko si kulinganisha. Huko ni kujificha.

Haya, tulinganishe. Tulinganishe sasa hivi, tumalize, uondoke!

Dawa kwanza, maana huenda zikakutosha. Tamsulosin inalegeza misuli kwenye shingo ya kibofu, na ndani ya siku chache unaweza kuona tofauti. Usiinuke kwa pupa tu, inaweza kukupa kizunguzungu. Finasteride inaipunguza tezi yenyewe, lakini polepole. Ipe miezi sita kabla ya kuihukumu. Na ukiwa unaimeza, mwambie kila daktari atakayekupima PSA, kwa sababu dawa hiyo hukishusha kipimo hicho karibu nusu, na saratani inaweza kupita pale ikionekana kama hali ya kawaida. Wengi wanaishi vizuri kwa vidonge hivi. Wengi! Kwa hiyo usiseme unaogopa kwenda kwa kuwa unaogopa kisu. Nani kakuambia utaanza na kisu?

Vidonge vikishindwa, tiba ambayo nyingine zote hupimwa kwayo inaitwa TURP. Vyombo vyake vya mwanzo vilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1920 na 1930, na tangu hapo madaktari wameisoma, wameiboresha, wameijua. Hupasuliwi tumbo. Chombo kinapita kwenye njia ya mkojo, na kitanzi cha waya chenye umeme kinazikwangua nyama zilizobana. Unachomwa ganzi ya mgongo, unalala wodini siku chache, unakaa na mpira siku moja hadi tatu. Nafuu yake ni kubwa, na inadumu miaka.

Bei yake? Damu, kwanza. Na la pili ndilo lililokufanya usome hadi hapa bila kupumua: baada ya TURP, zaidi ya nusu ya wanaume hawatoi shahawa nje tena. Zinarudi kwenye kibofu na kutoka baadaye na mkojo.

Nisikilize vizuri, baba, maana hapa ndipo wanaume wetu wanapoangamia kwa hofu. Kutotoa shahawa si kukosa nguvu! Hamu inabaki. Raha inabaki. Kusimama kunabaki kwa walio wengi. Kinachobadilika ni kwamba mwishoni pakavu. Kama bado unataka mtoto, sema mapema, sema wazi, sema kabla hujasaini fomu! Kama hutaki, basi kaa na mkeo mzungumze kama watu wazima: miaka mingi ya usingizi na figo salama, dhidi ya kitu ambacho hata yeye pengine hana habari nacho. Yeye anachokijua ni kwamba humgusi tena kwa uchovu, na kwamba shuka unazifua mwenyewe kabla hapajakucha.

Lakini kama jambo hilo lina uzito kwako, una haki nalo, na hapo ndipo tiba mpya zinapokuja.

UroLift iliruhusiwa Marekani mwaka 2013. Hakuna kukata, hakuna kuchoma: vishikizo vidogo vya chuma na uzi vinazivuta pande mbili za tezi na kuziweka kando ili njia ifunguke. Ganzi ndogo inaweza kutosha. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo, na wengine hata mpira hawawekewi. Shahawa zinabaki palepale. Inavutia! Lakini lipa bei yake kwa macho makavu: nafuu yake ni ndogo kuliko ya TURP, haiwafai wenye tezi kubwa sana, na katika utafiti uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka mitano, karibu mmoja kati ya saba alihitaji kutibiwa tena.

Rezum ikafuata mwaka 2015. Hii ni mvuke. Sindano inaingia kupitia njia ya mkojo, inachoma ndani ya tezi, inapuliza mvuke sekunde tisa, inahama, inapuliza tena. Nyama zilizounguzwa zinakufa, na mwili unazifyonza taratibu. Taratibu, nasema! Utakaa na mpira siku kadhaa, wiki za kwanza zinaweza kuwa mbaya kuliko ulivyokuwa, mkojo utawasha, na faida yake kamili inafika mwezi wa tatu hivi. Mtu asiyeambiwa haya hudhani ameharibiwa. Lakini miaka mitano baadaye, katika utafiti wake mkuu, ni kama wanne tu kati ya mia waliohitaji upasuaji mwingine. Na shahawa kwa walio wengi zinabaki. Utafiti huo ulifanywa kwa tezi za kati ya gramu 30 na 80.

Umeiona hiyo 80? Isome tena! Tezi yako haikungojei. Inakua ukilala, inakua ukisafiri, inakua ukilinganisha. Anayekwenda na gramu 50 ana mambo mengi mezani. Anayekwenda na gramu 130 ameshapoteza baadhi yake, na hakuna aliyemnyang'anya ila kalenda.

Kwa huyo wa gramu 130 bado kuna njia, namshukuru Mungu. Kuna HoLEP, ambayo Peter Gilling wa New Zealand na wenzake waliijenga katika miaka ya 1990. Leza inaichambua sehemu yote ya ndani iliyokua, inaitenga na ganda lake, kisha nyama hiyo inasagwa na kufyonzwa nje. Haiogopi ukubwa! Tezi za gramu 150, gramu 200, ambazo zamani zilitaka tumbo lifunguliwe, zinatoka bila jeraha la nje, kwa damu kidogo, na kurudiwa ni nadra sana. Ila shahawa zinarudi nyuma kama kwenye TURP, wengine wanavujisha mkojo kwa wiki au miezi ya mwanzo, na daktari lazima awe ameifanya mara nyingi. Muulize! Usione haya kumuuliza mtu anayeingia mwilini mwako ameingia kwa wangapi kabla yako.

Kuna Aquablation, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017, ambapo roboti inayoongozwa na ultrasaundi inaikata tezi kwa mkondo wa maji wenye kasi, bila moto. Wanaopoteza kutoa shahawa ni karibu mmoja kati ya kumi. Lakini ni kazi ya chumba cha upasuaji, na saa za kwanza unaangaliwa usitoke damu nyingi.

Na kuna tiba isiyopita kwenye njia ya mkojo kabisa. Francisco Carnevale na wenzake wa São Paulo, Brazil, walianza mwaka 2008 kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu hadi kwenye tezi, wakaiziba mishipa inayoilisha kwa chembechembe ndogo mno. Tezi inakosa damu, inasinyaa. Mzee mwenye moyo dhaifu, mzee asiyeweza kuachishwa dawa za kuyeyusha damu, mzee asiyevumilia nusu kaputi, hii iulizie! Nafuu inachelewa, ni ndogo kuliko ya TURP, na kurudiwa ni kwingi zaidi.

Basi, umeona. Tiba inayogusa kidogo inakuachia mengi, lakini mara nyingi nayo inafungua kidogo na inadumu kidogo. Inayokata sana inafungua sana, na inachukua chake. Hakuna inayokupa vyote!

Na mimi nina msimamo, sitauficha. Kama uko Sumbawanga au Kitui, usikae na mpira mwaka mzima ukichanga nauli ya kwenda kutafuta mvuke ng'ambo! TURP iko KCMC Moshi, iko Muhimbili, iko Kenyatta Nairobi, na mikono inayoifanya imezoea. Upasuaji wa wazi bado unafanyika katika hospitali nyingi ndogo, na kwa tezi kubwa bado unawaokoa watu. Tiba nzuri unayoipata mwezi huu, kibofu kikiwa hai, ni bora mara mia kuliko tiba ya kifahari utakayoipata miaka mitatu baadaye, kibofu kikiwa mfu. Hili silitilii shaka hata kidogo.

Sasa nakusikia ukigeukia mitishamba.

Sitaidharau. Maganda ya mti uitwao Prunus africana, ule Wakikuyu wanaouita muiri, yamebanduliwa kwenye milima yetu kwa miongo mingi na kupelekwa Ulaya kutengenezwa dawa ya tatizo hilihili, kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake iko chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe. Tafiti ndogo na za muda mfupi zimeona nafuu kiasi. Nafuu kiasi! Mti huo haukuonyeshi kreatinini yako, kipimo cha damu cha figo. Haukuambii kama kuna saratani. Haukupimii mkojo uliobaki. Na yule anayeuza unga kwa kipaza sauti stendi, anayekuahidi tezi itayeyuka kwa siku saba, hajui hata gramu zako!

Unaogopa kidole? Sema kweli, ndicho! Ni sekunde chache, daktari amevaa glavu, mlango umefungwa, na hakuna heshima ya mwanamume iliyowahi kutoka pale. Mkeo alijifungua watoto mbele ya manesi. Mama yako vilevile. Na wewe sekunde chache zinakushinda?

Unaogopa pesa? Anza na vipimo. Kipimo cha mkojo, kreatinini, PSA, na ultrasaundi. Na hapo kwenye ultrasaundi waambie kwa kinywa chako: nipimeni nimejaa, kisha nikakojoe, kisha mnipime tena mseme kimebaki kiasi gani. Karatasi hiyo ndiyo itakayokupa haki ya kulinganisha. Bila hiyo, video zote za dunia ni burudani.

Yapo maswali saba ambayo madaktari duniani kote wanayatumia: kuamka usiku, kukatika kwa mkojo, kujikamua, na mengineyo. Alama zake zinaanzia 0 hadi 35. Ukipata 8, tatizo ni la kati. Ukipata 20, ni kubwa. Wako wanaume wanaotembea na 28 wakisema ni uzee tu. Si uzee tu! Uzee haumzuii mtu kukojoa.

Kisha kaa mbele ya daktari, umtazame, umuulize. Tezi yangu ina ukubwa gani, na ina nyama ya katikati inayochomoza kibofuni? Kibofu changu bado kina nguvu? Kwa mtu kama mimi, ipi kati ya hizi ipo hapa, ipi naweza kupelekwa kwingine, na ikishindwa kinachofuata ni nini? Akikukasirikia kwa kuuliza, tafuta mwingine. Lakini tafuta wiki hiyohiyo!

Wakati unajiandaa, jilinde. Usibane mkojo safari nzima. Usimalize kreti jioni. Na ukishikwa na mafua, usinunue kidonge chochote cha dukani kabla ya kusema una tezi, kwa sababu Piriton na dawa zenye pseudoefedrini zinaweza kuufunga mkojo kabisa. Zimewafunga wengi, usiku, mbali na hospitali.

Ukiona damu kwenye mkojo, usingoje. Ukipata homa na baridi pamoja na maumivu ya mkojo, usingoje. Kama kitanda kinalowa bila wewe kujua, usidhani unapona kwa kuwa mkojo unatoka: mara nyingi huko ni kibofu kilichojaa pomoni kikifurika, na figo ziko hatarini.

Na wewe uliyefika mstari huu ukiwa hujakojoa tangu asubuhi, tumbo la chini limekaza, jasho linakutoka, na umeshakwenda chooni mara sita bila tone, wewe huna cha kulinganisha leo! Usinywe maji zaidi ukidhani yatasukuma. Usikande. Usingoje mwanao atoke kazini. Weka gazeti chini, ita bodaboda, ita teksi, ita jirani mwenye gari, uende mapokezi ya dharura ukawekewe mpira sasa hivi, na ukiwa palepale kitandani, mkojo unashuka na maumivu yanaondoka, mwombe daktari akuandikie rufaa ya bingwa wa mkojo kabla hajakuruhusu kwenda nyumbani!